Ufufuaji wa Bilbao: Hori, Reli na Ardhi

Bilbao ni jiji kuu la mkoa wa Bizkaia, kaskazini mwa Hispania, katika jimbo linalojitawala la Wabaski. Jiji lenyewe lina wakazi wapatao 350,000. Ukijumlisha miji iliyoshikana nalo hadi baharini, wanafika kama laki tisa. Hadi miaka ya 1980 lilikuwa jiji la chuma, meli na moshi. Leo hutajwa karibu kila panapojadiliwa namna ya kuinua uchumi wa eneo lililopoteza viwanda vyake, na sifa nyingi hupewa jengo moja: Makumbusho ya Guggenheim, yaliyofunguliwa mwaka 1997.

Sifa hiyo ina haki yake, lakini inaficha mambo yaliyotangulia. Maji yalianza kusafishwa, bandari ikasogezwa baharini, reli zikageuzwa njia, ardhi iliyobaki wazi ikawekwa mikononi mwa kampuni moja ya umma, na mauzo ya ardhi hiyo yakalipia sehemu kubwa ya kazi iliyofuata. Makala hii inaeleza hatua hizo moja baada ya nyingine, pamoja na faida na kasoro zake.

Hori na mji

Mto Nervión hushuka kutoka milimani na kuungana na Ibaizabal juu kidogo ya Bilbao. Kuanzia mjini hadi Ghuba ya Abra, mwendo wa kilomita kama 15, mto huo ni hori: bonde jembamba lililoingiliwa na bahari, ambamo maji hujaa na kupwa. Mji ulipata hati yake ya kuanzishwa mwaka 1300, mahali ambapo meli ziliweza kuingia hadi ndani na kukutana na bidhaa zilizotoka bara.

Hori liligawa watu pia. Ukingo wa kushoto, ulio karibu na milima yenye madini, ulijaa matanuru, karakana na nyumba za wafanyakazi katika miji ya Barakaldo, Sestao, Portugalete na Santurtzi. Ukingo wa kulia, hasa Getxo, ndiko walikojenga wenye viwanda na wenye meli.

Mwaka 1893 kingo hizo ziliunganishwa karibu na mdomo wa hori kwa Daraja la Vizcaya, kazi ya msanifu Alberto de Palacio. Boriti yake ya chuma iko juu mita 45 ili meli zipite chini bila kusimama. Kwenye boriti hiyo hutundikwa kwa nyaya behewa linalobeba magari machache katikati na abiria pembeni, nalo huvuka kwa dakika moja na nusu hivi, likining'inia juu kidogo ya maji. Lilikuwa daraja la kwanza la aina hiyo duniani, bado linafanya kazi, na mwaka 2006 UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Umbo lake linaeleza sheria ya zama zile: meli kwanza, wengine baadaye. Sehemu kubwa ya ukingo ilikuwa ya bandari, reli na viwanda, na mkazi wa kawaida aliufikia kwa nadra, labda awe anakwenda kazini.

Utajiri ulivyokuja

Mwaka 1856 Mwingereza Henry Bessemer alitangaza njia ya kutengeneza chuma cha pua kwa wingi na kwa bei nafuu. Njia hiyo ilihitaji madini ya chuma yenye fosforasi kidogo sana, na ni maeneo machache ya Ulaya yaliyokuwa nayo. Bizkaia ilikuwa nayo, tena karibu kabisa na bahari. Vita vya ndani vya Hispania vilipokwisha mwaka 1876, uchimbaji ulishika kasi. Kampuni ya Orconera, iliyoundwa mwaka 1873, iliwaunganisha wenyeji wa ukoo wa Ybarra na wafua chuma wa Uingereza pamoja na Krupp wa Ujerumani. Mwishoni mwa karne ya 19 mkoa huo mdogo ulitoa zaidi ya tani milioni 5 za madini kwa mwaka. Nyingi zilikwenda Uingereza, na meli zilirudi na makaa ya mawe.

Hata wakati huo uchumi ulisimama juu ya kazi za umma zilizofanywa majini. Fungu la mchanga mdomoni mwa hori lilikuwa likikwamisha meli kubwa. Mhandisi Evaristo Churruca, aliyepewa usimamizi wa kazi za bandari mwaka 1877, alinyoosha njia ya maji na kujenga gati la chuma huko Portugalete, lililokamilika mwaka 1887, ili mkondo wenyewe usukume mchanga nje. Baada ya hapo faida ya madini ikazaa benki na viwanda. Karakana ya meli ya Euskalduna ilianzishwa mwaka 1900, na mwaka 1902 kampuni tatu za chuma ziliungana kuwa Altos Hornos de Vizcaya, iliyokuja kuwa miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa nchini Hispania.

Anguko

Bei ya mafuta ilipopanda kuanzia mwaka 1973, maagizo ya meli yalipungua duniani kote, na kazi iliyobaki ikachukuliwa na Japani na Korea Kusini. Chuma kilifuata njia hiyohiyo. Hispania, iliyokuwa ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, ilianza kupunguza viwanda vizito vilivyoishi kwa ruzuku. Mwaka 1984 wafanyakazi wa Euskalduna walipambana na polisi kwa wiki nyingi kandokando ya Daraja la Deusto, lakini mwaka 1988 karakana ilifungwa. Tanuru la mwisho la Altos Hornos lilizimwa mwaka 1996. Katikati ya miaka ya 1980 karibu robo ya nguvukazi ya eneo hilo haikuwa na ajira.

Mafuriko nayo yaliongeza machungu. Tarehe 26 Agosti 1983, wakati wa sherehe za mwaka za jiji, mvua kubwa ilifurisha mto ukaingia mji mkongwe. Katika baadhi ya mitaa maji yalipita kimo cha mtu, na zaidi ya watu 30 walikufa katika eneo zima. Ukarabati wa mji mkongwe uliofuata ulikuwa kazi kubwa ya kwanza ya kurekebisha sura ya jiji.

Nani mwenye ardhi?

Viwanda vilipoondoka, viliacha ardhi tambarare katikati ya jiji lililobanwa na milima pande zote. Tatizo lilikuwa umiliki. Kipande hiki ni cha Mamlaka ya Bandari, kile cha shirika la reli, kingine cha kiwanda cha serikali kilichofungwa. Na mwenye haki ya kubadilisha matumizi ya ardhi ni halmashauri ya jiji, isiyomiliki hata kimoja. Kila mmoja angeweza kumzuia mwenzake, na hakuna aliyeweza kujenga peke yake.

Jibu lilikuwa Bilbao Ría 2000, kampuni ya umma isiyogawa faida, iliyoundwa Novemba 1992. Nusu ya hisa zilishikwa na serikali kuu ya Madrid kupitia taasisi zake, zikiwemo za bandari na reli. Nusu nyingine zilishikwa na Serikali ya Jimbo, Serikali ya Mkoa wa Bizkaia, Jiji la Bilbao na mji wa Barakaldo. Mtaji wake wa kuanzia ulikuwa peseta milioni 300, sawa na yuro milioni 1.8 hivi, fedha ambazo hazitoshi hata kujenga daraja moja kubwa. Nguvu yake ilikuwa katika mpango ufuatao:

1. Wenye ardhi, ambao ndio wanahisa, wanakabidhi maeneo yasiyotumika tena.
2. Halmashauri inabadilisha matumizi kutoka viwanda kwenda makazi, ofisi, biashara na bustani.
3. Kampuni inasafisha udongo, inaondoa reli, inatandaza mabomba na barabara, kisha inapima viwanja.
4. Viwanja vinauzwa kwa wajenzi binafsi.
5. Mapato yanarudi katika kazi za umma, hata katika mitaa ambako ardhi haina bei.

Hatua ya tano ndiyo uti wa mgongo wa mpango. Fedha za viwanja ghali vya katikati ya jiji zilisaidia kufunika reli na kutengeneza viwanja vya umma katika mitaa ya wafanyakazi, na ruzuku za Umoja wa Ulaya zikaongezea.

Jambo la pili lililosaidia ni kodi. Kwa utaratibu wa zamani uliorejeshwa Bizkaia mwaka 1981, mkoa hukusanya karibu kodi zake zote wenyewe, kisha huilipa Madrid mchango uliokubaliwa kwa huduma za taifa. Hivyo mwekezaji wa umma ndiye anayevuna. Mgeni akilala hotelini, au kampuni mpya ikifungua ofisi, kodi yake huingia katika hazina za mkoa na jimbo, zilezile zilizogharimia reli na makumbusho.

Maji kwanza

Kazi ya kwanza kuanza haikuonekana na wengi. Majitaka ya majumbani na ya viwandani yalikuwa yakimwagwa horini, na bakteria waliooza uchafu huo walimaliza oksijeni yote. Maji yalikuwa meusi, yananuka, na katika sehemu nyingi za ndani hayakuwa na samaki. Mwaka 1979 muungano wa miji unaosimamia maji, ulioundwa mwaka 1967, ulipitisha mpango wa kuyatibu majitaka yote ya bonde hilo. Mabomba makuu yalilazwa kandokando ya kingo zote mbili ili kudaka kila mfereji kabla haujafika majini, na kupeleka majitaka katika mtambo wa Galindo, Sestao. Mtambo huo ulianza kazi mwaka 1990, na hatua ya usafishaji kwa kutumia bakteria iliongezwa mwaka 2001. Sehemu ya gharama ililipwa na wateja wenyewe kupitia bili za maji.

Oksijeni ilirudi kidogo kidogo, kisha samaki na ndege wa majini. Kwa uchumi, maana ya kazi hii ni rahisi: hakuna mtu ambaye angenunua nyumba, kufungua mgahawa au kupanga ofisi kando ya mfereji wa majitaka. Mradi uliochukua zaidi ya miaka 20 bila kuzinduliwa kwa mbwembwe ndio uliovipa bei viwanja vyote vilivyouzwa baadaye.

Bandari na reli zinaondoka

Meli zilizidi kuwa kubwa na makontena yakahitaji eneo pana, vitu ambavyo gati za katikati ya jiji hazikuweza kutoa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mamlaka ya Bandari ilijenga gati mpya katika sehemu ya nje ya Ghuba ya Abra, upande wa Santurtzi na Zierbena, kwa kujaza bahari nyuma ya ukuta wa kuzuia mawimbi. Bandari haikufa. Ilipata maji ya kina kirefu na nafasi ya kupanuka, na jiji likapata ukingo wake. Ajira za uchukuzi zilibaki katika mkoa huohuo.

Reli zilifuata. Njia za mizigo na za treni za abiria kutoka Santurtzi zilikuwa zimekaa kati ya jiji na maji. Bilbao Ría 2000 iliziunganisha na njia ya kusini, ikafunika sehemu zilizokuwa mahandaki ya wazi, ikaongeza stesheni, na mwaka 2000 treni za abiria zikahamia huko. Mitaa ya kusini iliyokuwa imekatwa na reli ikapata stesheni na bustani juu ya paa la njia. Mtaa wa Ametzola ni mfano. Kwa hiyo kuiondoa reli kando ya hori kulitoa viwanja, na viwanja vikasaidia kulipia uboreshaji wa reli.

Metro

Tarehe 11 Novemba 1995, karibu miaka miwili kabla ya makumbusho, Metro ya Bilbao ilifunguliwa. Gharama ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya Serikali ya Jimbo na Mkoa wa Bizkaia. Mchoro wake una umbo la herufi Y linalofuata hori: shina moja katikati ya jiji, kisha tawi la ukingo wa kulia kupitia Getxo hadi Plentzia, na tawi la ukingo wa kushoto. Tawi la kulia lilirithi reli ya zamani ya vitongoji, kwa hiyo lilianza mapema. La kushoto lilichimbwa upya: lilifika Barakaldo mwaka 2002, Sestao 2005, Portugalete 2007 na Santurtzi 2009.

Stesheni za katikati zilisanifiwa na Norman Foster. Abiria anaingilia kwenye mlango wa vioo uliojipinda kama gamba la kamba, ambao wenyeji wameupa jina la fosterito. Anashuka moja kwa moja katika pango moja pana la zege: hakuna vichochoro wala kona, na jukwaa la tiketi limetundikwa juu ya njia za treni, kiasi kwamba akiwa bado anapita getini anaiona treni inayoingia. Mwaka 2019 metro ilibeba abiria kiasi cha milioni 90. Tramu iliyozinduliwa Desemba 2002 ilifunga pengo lililobaki, ikipita kandokando ya hori juu ya njia iliyooteshwa nyasi, mahali palipokuwa na mabehewa ya mizigo.

Umuhimu wa metro katika ufufuaji ni kwamba iliunganisha soko la kazi. Mkazi wa Sestao ambaye kiwanda chake kilifungwa hakuwa na kazi nyingine hatua chache kutoka nyumbani. Kazi mpya za hospitali, ofisi, vyuo na maduka zilikuwa mjini au ng'ambo ya hori, na metro ikamwezesha kuzifikia.

Abandoibarra na Guggenheim

Eneo la kwanza kubwa kuendelezwa lilikuwa Abandoibarra, hektari kama 35 zilizokuwa na karakana ya Euskalduna, gati na yadi ya mizigo ya reli. Mpango wake ulichorwa na msanifu César Pelli. Katika ncha moja lilijengwa jumba la mikutano na muziki la Euskalduna, lililofunguliwa mwaka 1999 juu ya kiwanja cha karakana. Karibu nalo imeachwa winchi nyekundu ya karakana, na vyelezo vya zamani ni sehemu ya makumbusho ya bahari yaliyofunguliwa mwaka 2003. Katikati kuna nyumba, duka kubwa, maktaba ya chuo kikuu, bustani na mnara wa Iberdrola wenye urefu wa mita 165.

Ncha ya pili, chini ya Daraja la La Salve, ndipo lilipo jengo la Guggenheim, lililosanifiwa na Frank Gehry na kuvikwa titani. Makubaliano na Taasisi ya Solomon R. Guggenheim ya New York yalikuwa mazito kwa wenyeji. Jengo liligharimu karibu dola milioni 100, na juu yake kulikuwa na ada ya dola milioni 20 kwa taasisi hiyo pamoja na fungu la kununua kazi za sanaa, vyote kutoka hazina za jimbo na mkoa. Wasanii wengi wa Kibaski walipinga fedha hizo kwenda kwa jina la kigeni wakati viwanda vinafungwa. Siku chache kabla ya ufunguzi, Oktoba 1997, ETA, kundi lililopigania kwa silaha uhuru wa Wabaski, lilimuua kwa risasi polisi mmoja nje ya jengo. Hata hivyo, katika mwaka wa kwanza wageni walizidi milioni moja, katika jiji ambalo hapo awali watalii walikuwa hawana habari nalo.

Faida na kasoro

Jiji lilipata tuzo ya kwanza ya Lee Kuan Yew ya majiji duniani mwaka 2010, na Iñaki Azkuna, meya kuanzia 1999 hadi alipofariki 2014, alitunukiwa tuzo ya Meya wa Dunia ya mwaka 2012. Ukosefu wa ajira ulishuka sana kabla ya msukosuko wa 2008, na uwanja wa ndege ulipata jengo jipya la abiria la Santiago Calatrava mwaka 2000.

Lakini faida haikugawanyika sawasawa. Nyumba za Abandoibarra zilinunuliwa na wenye uwezo. Kazi za hoteli na migahawa hazikulipa kama zile za tanuru, ambazo zililindwa na vyama vya wafanyakazi na kurithishwa kutoka baba kwenda mwana. Ukingo wa kushoto, Sestao hasa, ulibaki na ukosefu wa ajira mkubwa kuliko wastani wa mkoa; kiwanda kipya cha chuma kilichojengwa humo kilihitaji sehemu ndogo tu ya wafanyakazi wa zamani. Barakaldo ilipata ukumbi wa maonyesho ya biashara mwaka 2004 katika ardhi ya Altos Hornos, lakini kumbi za maonyesho hazijai watu kila siku ya mwaka.

Mfumo wenyewe ulikuwa na udhaifu. Kampuni inayoishi kwa kuuza viwanja hushamiri bei ya nyumba inapopanda. Soko la nyumba la Hispania lilipoporomoka baada ya 2008, wanunuzi walitoweka, na Bilbao Ría 2000 ikabaki na madeni na kazi zilizosimama.

Hatua mpya: Zorrotzaurre

Awamu inayoendelea iko Zorrotzaurre, ulimi wa ardhi wa viwanda chakavu mkabala na Deusto. Mfereji wa meli ulianza kuchimbwa hapo mwaka 1950 na ukaachwa mwaka 1968 kabla haujakamilika. Mwaka 2018 kipande kilichosalia kilifunguliwa na ulimi ukawa kisiwa. Sababu kubwa ilikuwa mafuriko: njia ya pili ya maji hupunguza kimo cha mto unapofurika, na ardhi ya kisiwa inainuliwa kabla ya kujengwa. Mpango uliochorwa na Zaha Hadid una nyumba zaidi ya 5,000, karibu nusu zikipangiwa bei nafuu, na baadhi ya majengo ya viwanda yanabaki. Katika mambo hayo mawili, nyumba za bei nafuu na majengo ya zamani, makosa ya Abandoibarra yanarekebishwa.

Masharti ya kuiga

Majiji mengi yamejaribu kununua matokeo ya Bilbao kwa kununua jengo. Helsinki ilipendekezewa Guggenheim yake, na mwishoni mwa mwaka 2016 madiwani waliikataa kwa sababu ya gharama. Swali lao lilikuwa la haki, kwa kuwa kilichofanya kazi Bilbao kilitegemea masharti manne: ardhi ya ukingoni ilikuwa ya umma, wenye ardhi walikaa meza moja na kugawana hatari, kodi zilirudi kwa aliyewekeza, na maji yalikuwa yamekwisha kuanza kusafishwa. Penye masharti hayo, jengo zuri hupandisha thamani ya kazi iliyotangulia. Yasipokuwepo, mji hubaki na jengo la kulitunza kila mwaka na ukingo uleule ambao hakuna anayetaka kuukaribia.